Paa Jepesi la Bembea: Jishonee Kivuli cha Usingizi wa Mchana

Joto la Desemba likikaribia, wasomaji huuliza yaleyale. Ninunue turubai gani la kuweka juu ya bembea? Mbona nimefunga turubai kubwa na bado nikiamka jua liko usoni? Khanga haitoshi? Bembea yenyewe, ile ya kulalia inayofungwa kati ya miti miwili, haiwasumbui. Kinachowasumbua ni kivuli.

Jibu langu ni hili: usinunue turubai. Kivuli cha bembea hakitaki uzito, kinataka kusogezwa. Jua hutembea nyuzi 15 kila saa na kivuli nacho huhama. Kitambaa kizito kilichokazwa mahali pamoja kitakufunika kwa muda, kisha kitafunika nyasi zilizo kando yako. Kitambaa chepesi chenye kamba za kulegeza kwa mkono mmoja ndicho kitakachokulaza hadi alasiri.

Nitaeleza namna ya kukishona na kukifunga. Kabla ya kwenda kwa fundi cherehani, soma kwanza sehemu ya jua. Wengi wanaolalamika kuwa kitambaa chao ni kibovu wana kitambaa kizuri kilichofungwa upande usiofaa.

Jua liko upande gani?

Kivuli huanguka chini ya kitambaa sawasawa pale tu jua linapokuwa utosini. Dar es Salaam jambo hilo hutokea mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba. Kuanzia Machi hadi Oktoba, jua la mchana liko kaskazini yako, kwa hiyo kivuli huangukia kusini. Miezi iliyobaki ni kinyume chake.

Tuseme kitambaa chako kiko sentimita 70 juu ya mwili, nawe uko Dar es Salaam au karibu nayo:

- Mwishoni mwa Juni, jua likiwa kileleni, kivuli huhamia kusini kwa sentimita 40 hivi.
- Mwishoni mwa Desemba, huhamia kaskazini kwa sentimita 20 hivi.
- Ile miezi ya jua la utosini, muda wa saa moja baada ya jua kupita kileleni kivuli huwa kimesogea mashariki kwa karibu sentimita 19. Baada ya muda wa saa mbili ni sentimita 40, na wa saa tatu ni sentimita 70 kamili.

Ukipandisha kitambaa hadi mita moja na nusu ili upate hewa, kuhama huko huzidi mara mbili. Hii ndiyo sababu turubai kubwa lililofungwa juu sana halisaidii. Sentimita 60 hadi 80 juu ya mwili zinatosha: hewa inapita, na kivuli hakikimbii mbali.

Usitegemee saa ya mkononi kujua jua liko kileleni lini. Dar es Salaam ni kama dakika 20 baada ya saa sita kwa wastani, Nairobi ni karibu saa sita na nusu, na Kigoma ni karibu saa saba, ingawa saa zote zinasoma sawa.

Msomaji wa Muscat, kwako hesabu ni tofauti. Jua la mchana halikai kaskazini, na Desemba, wakati hewa inaruhusu kulala nje, liko chini upande wa kusini kiasi kwamba kivuli huhama kwa urefu uleule wa kitambaa kutoka mwilini, na zaidi kidogo. Kishushe kitambaa chako upande wa kusini hadi kiwe nusu ukuta.

Elekeza bembea mashariki na magharibi

Kama una miti ya kuchagua, chagua miwili inayotazamana mashariki na magharibi. Mchana jua husafiri kufuata mwelekeo huo, kwa hiyo kivuli huteleza kufuata urefu wa mwili wako, na kitambaa cha mita tatu kina akiba ya zaidi ya mita moja kabla jua halijakufikia. Bembea iliyofungwa kaskazini na kusini hupoteza kivuli kwa ubavu, ambako kitambaa ni chembamba.

Usingizi wa alasiri, lala kichwa kikiwa mashariki. Jua likiwahi kuingia, litaanzia miguuni, nawe utaamka kabla halijafika usoni. Asubuhi geuza.

Na hili nalisisitiza: tega kivuli cha saa utakayoamka, si cha saa unayolala. Ukilala saa saba ukakusudia kuamka saa tisa, sogeza kitambaa upande wa magharibi kwa sentimita 30 au 40 tangu mwanzo. Kitaonekana kimekaa vibaya. Kiache hivyohivyo.

Kitambaa gani?

- Bitana, ile ya nailoni au poliesta inayowekwa ndani ya koti. Hii ndiyo ninayoipendekeza. Ni nyepesi, inakauka upesi, inakunjwa ikaingia katika mfuko wa begi. Chukua ya rangi nzito iliyosukwa kwa kubana.
- Kitenge. Kinafaa, na kipande cha yadi sita kinatosha paa zima. Ni kizito zaidi, na kikilowa hukawia kukauka.
- Khanga. Inafaa kwa dharura, nitaieleza mbele.
- Neti nyeusi ya kivuli inayofunika vitalu vya miche. Upepo unaipenda, haileti matatizo. Lakini huuzwa kwa asilimia ya kivuli, na hata ile ya asilimia 80 inaacha sehemu ya jua ipite. Ikunje mara mbili.
- Turubai la plastiki. Linapigapiga upepo ukija, nalo hukusanya joto chini yake. Liache lifanye kazi ya mvua.
- Chandarua kikuukuu. Hapana. Hakina kivuli cha kutosha.

Kupima ni rahisi. Ukiwa dukani, omba ruhusa utoke na ncha ya kitambaa hadi juani, kisha tazama kivuli chake kwenye sakafu au kwenye kiganja cha mkono. Kivuli kiwe kimoja, cheusi, bila vitone vya mwanga. Usikiinue ukalitazama jua kupitia humo; utaumiza macho.

Wapo wanaoshikilia rangi nyeupe kwa kuwa haishiki joto. Ni kweli haishiki, lakini kitambaa cheupe chembamba hupitisha mwanga mwingi, pamoja na miale ya urujuanimno inayounguza ngozi. Kati ya joto kidogo na ngozi kuungua, mimi nachagua kitambaa cheusi au cha bluu nzito, na nafasi ya hewa chini yake.

Vya kununua na vya kuokota

- Bitana mita nne na nusu, yenye upana wa mita moja na nusu. Pima upana dukani kabla muuzaji hajakata.
- Mkanda wa begi, mita moja, wa kukata vitanzi.
- Kamba nyembamba ya nailoni, mita 20. Mita kumi ni za kamba ya mgongo, zilizobaki ni za pembeni.
- Tyubu kuukuu ya baiskeli. Mafundi wengi watakupa bure.
- Vigingi vinne vya mti mgumu, kila kimoja urefu wa sentimita 30.

Onyo moja kuhusu vigingi na fito: usikate mnyaa. Utomvu wake mweupe ukiingia machoni ni hatari, na watoto hupenda kuchezea vijiti.

Kukata na kushona

1. Kata bitana vipande viwili: kimoja cha mita tatu, kingine cha mita moja na nusu.
2. Kile kifupi kipasue katikati upate vipande viwili vya upana wa sentimita 75, kisha viunge ncha kwa ncha. Sasa una kipande kikubwa cha mita 3 kwa 1.5, na kidogo cha mita 3 kwa sentimita 75.
3. Kunja pindo mara mbili pande zote, upana wa kidole, na ushone mistari miwili. Bitana hufumuka nyuzi upesi sana, kwa hiyo usiache ukingo wowote wazi. Fundi akikuambia mstari mmoja unatosha, mwambie apitishe wa pili.
4. Laza kipande kidogo juu ya kikubwa, vilaliane sentimita 20 kwa urefu wote, kama makuti yanavyolaliana.
5. Usishone mwungano huo moja kwa moja. Pindo la kipande cha juu lishikize kwenye kile cha chini kwa mishono midogo ya mraba, mmoja kila baada ya sentimita 50, kila mmoja ukiwekewa kiraka chini yake. Kati ya mraba na mraba acha kipande cha juu kilegee kidogo ili hewa ipate pa kutokea.
6. Shona vitanzi vya mkanda wa begi kwenye pembe zote nne. Kila pembe iwekewe kiraka cha pembetatu kwanza.
7. Shona vitanzi vingine viwili vidogo kwa ndani, kwenye mstari utakaolala juu ya kamba ya mgongo, yaani pale ambapo ukingo wa ndani wa kipande kikubwa unafika. Kimoja kila mwisho.

Hatua ya tano ndiyo wanaoiruka wengi. Fundi naye ataiona kama kazi isiyokwisha, atataka kupitisha mshono mzima. Mkatalie. Nafasi hizo ndizo mdomo wa kutolea upepo.

Usitoboe bitana kwa msumari ili kupitisha kamba. Tundu lisilo na kiraka hupasuka siku ya upepo wa kwanza, na mpasuko huo hukimbia hadi katikati.

Upepo: hapa ndipo kazi ilipo

Kwa wakazi wa pwani, kuna jambo ambalo likieleweka linaondoa nusu ya matatizo. Kusi huvuma kutoka kusini miezi ile ambayo jua la mchana liko kaskazini. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki katika Desemba na Januari, wakati jua liko kusini. Na alasiri, upepo wa bahari hutoka mashariki wakati jua linashuka magharibi. Kwa ufupi, upande wa jua na upande wa upepo hukaribia kuwa kinyume siku nyingi za mwaka.

Fikiria maana yake. Ili uzuie jua, unashusha ukingo wa kitambaa upande wa jua na kuuacha wazi upande wa pili. Upande huo wazi ndio upepo unakotoka. Unaingia chini ya kitambaa, unakuta umezibwa mbele, unakiinua. Vigingi vinang'oka, nawe unaamka umefunikwa uso. Wasomaji wanaoniandikia kwamba paa lao "halitulii" karibu wote wako katika hali hii, nao hujibu kwa kuongeza kamba na kukaza zaidi. Kukaza ndiko kunakopasua.

Dawa ni mambo matatu kwa pamoja.

Kwanza, ule mwungano uliolaliana. Kipande kikubwa kielekee kwenye jua, kidogo kielekee kwenye upepo, na kwa kuwa kidogo ndicho kilicho juu, nafasi za hewa hufunguka upande wa jua. Upepo ulioingia chini hupanda hadi kwenye kamba ya mgongo na kutokea hapo. Jua haliwezi kupenya humo, kwa kuwa miale inashuka na nafasi zinapanda.

Pili, mpira. Kata tyubu vipande vya urefu wa shibiri moja, upana wa vidole viwili, na uweke kimoja kati ya kila pembe na kamba yake. Dharuba ikija, mpira hunyooka, pembe huinuka kidogo, upepo hutoka, pembe hurudi mahali pake. Kamba isiyo na mpira huhamishia nguvu yote kwenye mshono.

Tatu, usiache kitambaa kikawa na tumbo. Kivute kiwe bapa. Kitambaa chenye tumbo hujaa upepo hata ukiwa mwanana, na hupiga kelele zinazokatisha usingizi.

Ukiwa bara, Dodoma au Nakuru kwa mfano, ambako kimbunga cha vumbi huzuka mchana bila dalili, hayo matatu hayatoshi. Funga mafundo ya kufunguka kwa kuvuta mara moja, na ukiona vumbi linazunguka linakuja, angusha paa zima.

Kulifunga

1. Funga bembea kwanza, ulalie, mtu akupimie mahali mwili wako ulipo. Bembea hushuka ukiilalia, kwa hiyo usipime ikiwa tupu.
2. Funga kamba ya mgongo kwenye miti ileile, lakini iwe kamba ya peke yake. Usilining'inize paa kwenye kamba za bembea. Kila ukigeuka litayumba na kulegea.
3. Tandaza paa juu ya kamba, kipande kikubwa upande wa jua. Pitisha uzi katika vile vitanzi viwili vya ndani na uufunge kwenye kamba ya mgongo kwa fundo linaloweza kuteleza ukilisukuma. Hapo ndipo utakapokuwa unalisogeza mashariki au magharibi bila kufungua chochote.
4. Kaza pembe za upande wa jua zikiwa chini, kisha za upande wa upepo zikiwa juu kidogo.
5. Kwenye vigingi tumia fundo linalosogea. Zungusha kamba kwenye kigingi, irudishe, iviringishe mara mbili juu ya kamba kuu kwa ndani, ukielekea kigingini, halafu mara moja kwa nje, ukaze. Likisukumwa linakaza, likirudishwa linalegea.
6. Alasiri, shusha kamba ya mgongo upande wa magharibi kwa sentimita 20 au 30.

Kwenye mchanga wa ufukweni kigingi hakishiki. Chukua kijiti, kifunge kamba katikati, kifukie kimelala, kina cha goti, na ushindilie mchanga juu yake.

Kamba za pembeni hazionekani mchana wa jua kali. Zifungie vitambaa vyekundu, hasa watoto wakiwa karibu, kwa kuwa nyingi hukaa usawa wa shingo zao.

Miti na mahali

Mnazi ni mti mzuri wa kufungia na mbaya wa kulalia chini. Nazi moja inatosha kuua, na bitana haitaizuia. Kama ni lazima, uangushwe nazi na makuti makavu kwanza. Mvinje ulionyooka ni bora, na mwarobaini mkubwa vilevile. Mpapai na mgomba usiviguse. Havina mti ndani. Nguzo ya umeme isifungiwe kitu chochote, hata kamba ya paa.

Na msikaze bembea ikawa kama ubao. Kamba zake zikiteremka kwa nyuzi 30, mtu wa kilo 70 huvuta kila mti kwa nguvu ya kilo 70. Zikikazwa hadi nyuzi 10, kila mti huvutwa kwa kilo 200 hivi. Miti midogo hung'oka kwa njia hiyo.

Huna muda wa kushona?

Doti moja ya khanga na vijiwe sita vitakuokoa. Usizitenganishe. Ziweke zikiwa zimeunganika, na kila pembe weka kijiwe laini kwa ndani, kikusanyie kitambaa, kisha funga kamba shingoni mwa kijiwe hicho. Weka vijiwe viwili zaidi katikati ya kingo ndefu. Hakuna tundu, hakuna sindano, na khanga unaivaa jioni. Ila ni nyembamba. Kama utalala zaidi ya muda wa saa moja, ikunje mara mbili hata ikibaki ya kufunika kichwa na kifua tu, na miguu uifunike kwa nguo.

Je, kivuli kinatosha kulinda ngozi?

Hakitoshi peke yake. Miale hurudi kutoka chini na pembeni: Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mchanga mkavu wa ufukweni hurudisha karibu asilimia 15 ya miale ya urujuanimno, na povu la bahari karibu asilimia 25. Bembea ya wavu haizuii miale hiyo. Tandika khanga ndani yake kabla ya kulala.

Kwa mtu mwenye ualbino, nasema bila kupunguza neno: paa hili ni nyongeza tu. Mikono mirefu, suruali, kofia pana na mafuta ya kuzuia jua vibaki palepale, hata chini ya kivuli. Kuna mafuta yanayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili ya watu wenye ualbino, yakijulikana kama Kilisun. Ulizia kliniki ya ngozi au chama cha watu wenye ualbino kilicho karibu nawe. Na lala asubuhi mapema au jioni, si saa sita.

Mtoto mchanga asilazwe kwenye bembea bila mtu wa kumtazama, wala asifunikwe kitambaa kilichomkaribia kwa ajili ya kivuli. Joto huongezeka chini yake upesi kuliko mnavyodhani.

Mbu nao: wale wanaoeneza dengi huuma mchana. Ikiwa mtaa wenu una wagonjwa, chandarua kifungwe chini ya paa, kwenye kamba yake yenyewe.

Utunzaji

Chumvi ya bahari hula nyuzi. Lisuuze paa kwa maji baridi ukirudi kutoka ufukweni, lianike kivulini, usilikunje bichi. Jua lenyewe ndilo linaloliua polepole, kwa hiyo usiliache limetandazwa wakati hulali. Kila baada ya miezi michache bana pindo kati ya vidole viwili na ulivute kwa nguvu karibu na pembe. Likitoa sauti ya kuchanika au uzi ukionekana kufifia, badilisha kiraka cha pembe hiyo kabla ya msimu wa kusi kuanza. Vipande vya tyubu huanza kupata nyufa mapema kuliko kitambaa. Vikunje, na ukiona nyufa, kata vingine.